Nimefuta Mji Upi

Naegemeza kichwa mezani kidogo tu, saa nane mchana, wali maharage umenilewesha, na kompyuta bado inatekeleza amri yangu ya kufuta. Ni mwezi wangu wa tano kazini. Kabla ya hapa nilikuwa fundi cherehani, nikajifunza kuandika programu alfajiri, kabla wateja hawajaja. Ofisini kwetu kuna desturi: kabla ya kufuta chochote unasoma kwa sauti jina la kompyuta unayofuta, na mwenzako anajibu, nimesikia. Maana daftari la wajawazito wa kliniki liko kwenye kompyuta mbili, la kweli na nakala ya majaribio, na kwenye skrini huwezi kuyatofautisha. Leo nimesoma kimoyomoyo. Niliona aibu, sitaki kaka Elineema, aliyenifundisha, anione bado mwanafunzi. Meza inalainika, nazama, nasimama barabarani.

Barabara inakwenda mbele, inapinda kwenye duka la bluu, inakwenda mbele, inapinda kwenye duka la bluu, na najua ni mimi niliyeiandika hivyo, nikasahau kuiwekea mahali pa kukomea. Kulia kuna mji, kushoto kuna mji uleule, nyumba kwa nyumba, kamba ya nguo kwa kamba ya nguo. Mkononi nina kifutio cha ubao, na kila ninapopita kuta zinapauka. Sitaki kuendelea, miguu inaendelea. Pembeni yangu anatembea mtu asiye na uso. Ndugu, namuuliza, huu ni mji wa kweli au wa majaribio? Anasema, katika mmoja wanaofutwa hawalii. Na katika mwingine? Hawalii pia. Sasa nitajuaje? Utajua mtu akija kuwatafuta. Naogopa, na barabara inapinda tena, na mlangoni pa nyumba amesimama mwanamke mwenye mimba kubwa. Mdogo wangu, anasema, naitwa Namnyaki Mollel, najifungua wiki hii, damu yangu ni ya kundi adimu na imeandikwa kwenu tu. Dada, usijali, namwambia, wewe ni nakala. Ananishika kiganja. Chake kina joto. Nakala ina joto? Natazama chini, miguu yake haipo. Nakitupa kifutio, kinarudi mkononi, nakitupa, kinarudi, na sasa magoti yake yanapauka. Nisamehe dada, napiga kelele, nisamehe, sikusoma kwa sauti!

We Ndeshi, unamwomba nani msamaha? Kaka Elineema amesimama juu yangu na kikombe cha chai. Kwenye skrini imeandikwa: rekodi 4,112 zimefutwa. Naangalia juu, kwenye jina la kompyuta. Nasoma, ni ya majaribio. Nasoma tena, ni ya kweli. Sithubutu kusoma mara ya tatu. Navuta simu, napiga kliniki. Nesi, tafadhali, nitafutie Namnyaki Mollel. Namsikia akibonyeza, akibonyeza tena. Hayupo kwenye kompyuta, dada, anasema. Ila mwenyewe amekaa hapa mbele yangu. Ngoja kwanza. Anasema mmeachana sasa hivi tu, na anataka nikuulize, miguu yake umeipeleka wapi.