Mpokea Simu

Siku simu zilipoanza kurudi, mpokea simu wa ofisi ya usafi alikuwa anafuta meza yake kwa kitambaa kibichi. Miaka tisa nyuma aliajiriwa kupokea simu za wananchi wanaolalamikia takataka. Mradi wa kukusanya simu mbovu ulipokuja, mkuu wa ofisi aliisoma barua yake ya ajira kwa sauti, akafika penye "kupokea simu zote", akamsogezea sanduku. Basi, ikawa hivyo. Watu wakamletea simu zilizokufa, chaja zilizoungua, redio zisizosema. Kila Ijumaa lori lilizichukua kwenda kiwandani zikafunguliwe kwa utaratibu, sumu yake isiingie ardhini. Aliipenda kazi hiyo, jamani. Alimsimulia hata mama yake, ambaye kifua kilikuwa kinambana tangu moshi uanze kupanda nyuma ya ukuta wa nyumba yake.

Siku hiyo, Jumanne, simu zilikuwa zimejipanga ngazini tangu asubuhi. Zilikuja kwa kutetema, kidogo kidogo, kama simu inavyosogea juu ya meza, ingawa hakuna hata moja iliyokuwa na betri. Zilikuwa na tope mpaka kwenye vitufe na zilinuka waya uliochomwa. Chaja zilijikokota nyuma.

"Dada, wageni wako hao," alisema mlinzi, akaziruka kwa adabu.

Mpokea simu aliinama akaokota moja. Kioo kikawaka. Kilionyesha shimo, lori la ofisi likimwaga mzigo, mtu akiumwagia mafuta ya taa, na kwa nyuma ukuta, na juu ya ukuta kamba yenye shuka la bluu ambalo yeye mwenyewe alimnunulia mama yake. Akaokota ya pili. Shimo lile lile. Akazibeba zote mbili mpaka kwa mkuu.

Mkuu alivaa miwani kwanza.

"Picha safi kabisa. Simu za zamani zilitengenezwa kweli."

"Bosi, hapo ni nyuma ya kwa mama! Lori haliendi kiwandani. Mnamchomea mama yangu hizi simu!"

"Zimekuja zenyewe?"

"Zimekuja zenyewe."

"Basi zipokee. Kazi yako si kupokea simu?"

Kwenye daftari aliandika "zimerudi". Mkuu akakata kwa wino mwekundu, akaandika "zimepokelewa". Ijumaa lori likazibeba, Jumanne zikarudi nyeusi zaidi. Akamkabili dereva.

"Dada yangu, mimi naendesha tu," alisema dereva. "Hicho kiwanda hata mimi nakisikia kwako."

Mpokea simu alificha ufunguo wa stoo zilimowekwa simu. Wakavunja kufuli, wakaweka jipya, wakamkabidhi ufunguo wake asaini. Akaandika barua makao makuu. Wakajibu aambatanishe ushahidi. Alitia simu tatu kwenye bahasha, na kwa kuwa yeye si mtu wa kubahatisha, aliandika kwenye kila moja mahali pa kutazama. Makao makuu wakamletea stakabadhi na barua ya kumshukuru kwa mchango wake wa simu mbovu. Alikaa nayo mkononi, amechoka mpaka mifupa.

Ofisi iliweka zulia mlangoni, simu zijifute kabla ya kuingia, na seremala akatengeneza mteremko wa mbao pembeni ya ngazi kwa ajili ya zile nzito. Mwisho wa mwaka kikaja cheti: ofisi ilikuwa imepokea simu nyingi kuliko idadi ya watu wa mji mzima. Mkuu aliwakusanya wafanyakazi, akamwita mpokea simu mbele, wakampigia makofi. Alitamani kulia kwa hasira. Akanywa soda aliyopewa.

Hakuwa ameimaliza, simu ya mezani ikalia.

"Haloo, ofisi ya usafi."

"Mwanangu, ni mimi." Mama alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Wamewasha tena. Leo hata mlango siuoni. Hivi nyie watu wa usafi hamjui ni nini kinachochomwa huku?"

Mkuu alikuwa amesimama karibu naye, cheti mkononi, akisikiliza huku anatabasamu.

"Hatujui, mama," alisema mpokea simu. "We funga dirisha."

"Nimeshafunga, mwanangu. Moshi uko humu ndani."