Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Ijumaa mchana, Ogeto alipomaliza kupaka rangi ukuta wa mbele, aliruka mtaro, akavuka barabara na kusimama ng'ambo kuitazama nyumba ya mama yake kwa macho ya mgeni. Ilipendeza, usiseme. Rangi yenyewe haikuwa krimu wala haikuwa kijani, kwa kuwa Gopal, mwenye duka la rangi na mabati mjini Kisii, alikuwa ameikoroga kutokana na mabaki ya mikebe mingi na kumwuzia kwa bei ya kutupa.

"Hii haina jina," Gopal alikuwa amemwambia. "Ikiisha usije kuniuliza nyingine kama hiyo, hata mimi siijui."

Mama yake, Kemuma, alikuwa amekandika sehemu ya chini ya ukuta kwa udongo mwekundu wa bondeni uliochanganywa na samadi mbichi. Mawe ya njiani yalikuwa yamepakwa chokaa. Makopo ya mafuta ya kupikia yalikuwa yametobolewa, yakapandwa maua na kuning'inizwa kwenye ukingo wa paa, na ua wa kayaba ulikuwa umenyolewa vizuri kama kichwa cha bwana harusi. Ukungu wa kijiji cha Gesima ulishuka kutoka kwenye michai, ukaizunguka nyumba, ukakaa hapo kidogo kama uliokuja kuangalia.

Kazi hii yote ilikuwa ya Jumapili. Watu wa Sironga walikuwa wanakuja kuona boma atakakoolewa binti yao Gesare, na Ogeto alimpenda Gesare kiasi cha kukosa usingizi. Alikuwa akiuza simu Nairobi, na fedha aliyokuja nayo ilitosha kufanya jambo moja tu.

Kemuma alikuwa ameomba jambo lingine. "Kule ndani panavuja, mwanangu. Mabati matatu tu yangetosha."

"Mama, bati la nyuma halionekani kutoka barabarani," Ogeto akamjibu, na wala hakusema kwa ubaya.

Ni vizuri kumtendea haki kijana huyu. Kwa Wakisii mwanamume akishatahiriwa hakanyagi tena chumba anacholala mama yake. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya watu kuoneana haya, na Ogeto aliishika tangu alipokuwa kijana mdogo. Kwa hiyo hakujua kwamba kitanda cha Kemuma kilikwisha zunguka pembe zote za chumba kikitafuta pakavu, wala hakujua kwamba mama yake hulala na sufuria miguuni. Naye mama mtu hawezi kumweleza mwanawe mkubwa habari za kitanda chake. Atasema "kule ndani", atasafisha koo, basi. Ogeto alisikia "kule ndani" akadhani ni tone moja la mlangoni.

Jumamosi walikwenda kanisani. Waliporudi, wakiwa bado na vitabu vya nyimbo mikononi, walikuta nyumba imegeuka.

Ilikuwa imeipa barabara mgongo. Rangi ya Gopal, maua na mlango vyote vilikuwa vikitazama bondeni, kwenye kijito. Upande wa barabara kulikuwa na ukuta wa nyuma, udongo umebanduka na fito zinaonekana, na juu yake paa lenye bati lililoliwa na kutu, likafunikwa gunia na gunia likawekewa jiwe. Kuku walikuwa wakichakura palepale ambapo asubuhi palikuwa mlangoni.

Jirani yao Angwenyi alipita na Biblia kwapani.

"Sabato njema."

"Sabato njema."

"Naona imegeuka."

"Imegeuka tukiwa kanisani," Kemuma akasema.

"Ya shangazi yangu kule Birongo iligeuka hivyohivyo. Msiisukume, ukiisukuma ndiyo inakaza." Akaenda zake nyumbani kula.

Ogeto alitaka kuchukua jembe, brashi, chochote, lakini ilikuwa Sabato na mkono haukuruhusiwa kufanya kazi. Akakaa juu ya jiwe lenye chokaa, akachafua suruali yake ya kanisani, akasubiri jua lizame. Machozi yalimlenga. Akilini alimwona Mzee Makori, baba yake Gesare, akishuka garini na kupokewa na gunia.

Kemuma alikuja akaketi karibu naye. "Mtoto mdogo ukimpeleka hospitali hawezi kusema," alisema taratibu. "Lakini daktari akimgusa, hugeuka mwenyewe, akaonyesha panapouma."

Ogeto alijipangusa chokaa surualini. "Mama, kesho wageni wanakuja."

"Najua."

"Paa tutaliangalia baada ya wageni."

"Haya," Kemuma akasema.

Jua lilipozama, Ogeto alimwomba Angwenyi ruhusa ya kupitisha wageni katikati ya matete yake ya ng'ombe, akachukua panga, akafungua lango jipya upande wa bondeni. Aliwapigia simu watu wa Sironga akawaambia waache gari kwenye kituo cha kupimia chai kule chini, njia ya juu imeharibika. Mawe ya chokaa aliyahamisha yakageukia huko. Fedha haikuongezeka hata senti, na boma likapata uso mwingine.

Jumapili wageni walipanda kupitia matete, viatu vizito kwa matope, wakatokea mbele ya maua. Shangazi yake Gesare, mama mnene aitwaye Nyangate, alisimama akashika kiuno.

"Aa! Hapa kuna watu," alisema.

Ogeto alipumua. Waliingia, wakanawa, wakapewa kuku, ugali wa wimbi na mboga ya managu iliyochemshwa kwa maziwa. Mambo yalikwenda sawa mpaka saa tisa, saa ya mvua ya kule. Mvua ilipoanza kugonga mabati, Mzee Makori alikuwa amesimama akiomba, na nyumba ikaanza kugeuka.

Iligeuka polepole, kwa adabu. Chai iliegemea upande mmoja wa vikombe na watu wakaegemea upande wa pili. Dirishani michai ilipita, ikafuata migomba ya Angwenyi, ikafuata barabara. Mzee Makori hakukatiza maombi. Aliposema amina, alifungua macho akatazama nje.

"Nyumba yenu inageuka."

"Ndiyo, mzee," Ogeto akajibu. "Ni mambo ya mvua."

"Ya kwetu hukaa tu mahali pamoja," mzee alisema, na ungedhani anaona wivu kidogo.

Wakati huo Kemuma alikuwa ameingia chumbani kupeleka shali za wageni, na Gesare, kama binti mwenye malezi, alimfuata kumsaidia. Shangazi yake akamfuata. Ndani mvua ilikuwa inanyesha. Ilinyesha juu ya kitanda, nyembamba, bila kelele, na blanketi lilikuwa limefunikwa karatasi ya nailoni. Sufuria ilikwisha jaa.

"Mama," Gesare akasema, "unalala hapa?"

"Hulala upande ule pakikauka."

Gesare alishika shali kifuani akalia. Alimwonea mama huyu huruma ambayo hakuwahi kumwonea mtu. Nyangate hakulia, ila aliinama akaimwaga sufuria dirishani, akairudisha mahali pake.

Walipotoka, wanaume wote waliwatazama, kwa maana kazi ya wanawake ni hiyo, kuona ndani na kuleta habari. Nyangate aliketi, akanyoosha leso yake magotini. Sasa angesema nini? Ataje kitanda cha mkwe mbele ya wazee?

"Tumeona," alisema. "Nyumba ni safi."

Basi wakakubaliana ng'ombe, wakakubaliana mwezi wa harusi. Mvua ilipopusa walitoka kwa mlango, ambao sasa ulikuwa umeelekea barabarani, na ili kulifikia lango la matete iliwabidi kuzunguka nyuma. Mmoja baada ya mwingine walipita chini ya gunia na jiwe lake, maji yakiwadondokea kofiani. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Mzee Makori alisema matope ya Gesima yana rutuba sana.

Kwenye gari Gesare alimshika Ogeto mkono. "Paa la mama."

"Baada ya harusi," Ogeto akasema, na alimaanisha. Gesare alimwamini.

Mwezi wa harusi ulipokaribia Ogeto alipata fedha kidogo, akarudi kwa Gopal. Gopal alizitazama noti mezani.

"Kwa hizi chukua mabati matatu na misumari yake, na utabaki na nauli ya nyumbani."

"Na nyumba ikigeuka mbele ya watu wa harusi, nitauficha wapi uso wangu? Nipe rangi ya kuta zote."

Gopal alisukuma mkono ndani ya rafu ya mabaki. "Haitafanana na ile."

"Iwe ya kufanana yenyewe kwa yenyewe. Inatosha."

Ogeto alikandika ukuta wa nyuma, akapaka pande zote nne, na jiwe la juu ya gunia akalipaka pia, kwa kuwa rangi ilibaki. Tangu siku hiyo nyumba haikugeuka tena. Haikuwa na upande uliobaki wa kuonyesha. Harusi ilifanyika, watu wakapiga picha kwenye kuta zote, na zote zilitoka vizuri.

Ogeto alirudi Nairobi kuuza simu. Gesare alibaki na mama mkwe, na kwa kuwa hakupenda kulala peke yake alihamishia matandiko yake chumbani kwa Kemuma.

Saa tisa ya siku moja mvua ilianza, na wanawake hao wawili waliingia ndani, mmoja akashika kichwa cha kitanda na mwingine miguu. Barabarani walikuwa wanapita wachuma chai na vikapu vyao vitupu mgongoni, wamejifunika nailoni. Walisimama, kama walivyozoea siku hizi, wakaitazama nyumba iking'aa mvuani.

"Kemuma ana bahati," mmoja alisema kwa sauti. "Huyo ndiye mama aliyezaa mtoto!"

Kemuma alimsikia. Aliinua uso, maji yakimtiririka shavuni, akaitikia kwa nguvu ili asikike mpaka nje.

"Asanteni sana!"

Kisha akamgeukia Gesare. "Vuta kwako kidogo."