Kovu la Kurwa

Mama alitaka picha ya Kurwa ichorwe kwenye shaba. Za simu, alisema, zinafutika. Doto, pacha aliyebaki, aliitikia tu. Tangu mazishi alikuwa akiitikia kila kitu.

Karakana yake ilikuwa chumba cha uani, madirisha wazi kwa sababu ya mvuke wa asidi. Alilipaka bamba la shaba nta, akashika sindano, akakaa. Sura haikuja. Alikumbuka Kurwa alivyokohoa, alivyobamiza milango, lakini uso ulikuwa umemtoka kabisa. Alipomweleza mama, mama hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua.

“Si kioo kipo, mwanangu?”

Basi akajitazama kwenye kioo, akakwaruza. Kila nta ilipobanduka, shaba ilichungulia. Akalilaza bamba kwenye beseni la asidi, nayo ikala pale palipo wazi tu, ikitoa viputo vidogo. Hakusikia uchungu wala chochote. Akasuuza, akapaka wino, akachapa kwenye karatasi.

Mama aliitazama.

“Huyu ni wewe.”

Akamkumbusha kovu la juu ya jicho. Utotoni Kurwa alianguka ngazini, mama akambeba mgongoni hadi zahanati, Doto nyuma yao akilia kumshinda mwenye jeraha.

Doto akarudi, akapaka nta upya. Chapa hugeuza kulia kuwa kushoto, kwa hiyo alilikwaruza kovu upande usio wake. Akalirudisha bamba kwenye asidi, akakaa kwenye kigoda, asiinuke tena. Shemeji yake, mjane wa Kurwa, alikuja kumjulia hali akamkuta ameduwaa. Akauliza kama kile kitu kinaiva au kinaungua. Akavaa glavu, akalitoa bamba mwenyewe.

Asidi ilikuwa imekula mno. Kwenye karatasi kovu lilitoka nene, jeusi, baya. Doto akasema ataanza upya, lakini mama, aliyeingia kuitazama chapa, alikuwa ameshaweka kidole kwenye shaba, anakipitisha ndani ya ule mfuo, huku na huku.

“Lilikuwa hivi hivi,” alisema. “Walimshona vibaya.”

Shemeji akageukia dirishani. Baadaye akaomba nakala, Doto akamchapia. Alipomuuliza kama naye hatajichapia yake, Doto akasema ataona.

Jioni alikula, sahani ikaisha. Mama akamuuliza kama chumvi imetosha.

Doto akafikiri kidogo, akasema hajui.