Panya Wasio na Kishindo

Sikio hakulipata jina hilo bure. Alikuwa mtunza ghala la mbegu la ushirika, na mtego hakuujua wala sumu hakuitaka. Sumu na mbegu, wapi na wapi! Kila asubuhi alifungua mlango, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, rungu magotini, akatulia tuli. Panya akikwaruza gunia, akilia, akikanyaga karatasi, kwisha habari yake.

Mwanzoni aliua hata kumi kwa siku. Baadaye watano, baadaye mmoja, na huu mwaka wa kumi na mbili hakusikia hata mmoja.

"Nimewamaliza," alijigamba nyumbani.

"Mwanamume mzima unajisifia panya!" mkewe akamcheka.

Acheke tu. Mle ghalani mlikuwa na mahindi ya marehemu mama yake, meupe, laini, aliyoyachagua punje kwa punje msimu hata msimu, akamwachia mwanawe kwa neno moja: "Yasipotee." Hayakuwepo kwingine kokote. Na kabla ya kupanda ilibaki wiki moja.

Siku hiyo mpwa wake, mwalimu wa sayansi, alikuja kuchukua mbegu za shamba la shule. Akashika gunia, akasita.

"Mjomba, mbona jepesi hivi?"

"Jepesi? Halijaguswa hilo tangu mavuno!"

Mwalimu akaliinua kwa mkono mmoja. Sikio akamnyang'anya. Akakata uzi, akatumbukiza mkono, mkono ukagusa kitu chenye joto.

Panya. Gunia tele. Hawakulia, hawakukurupuka. Walimtazama tu, kama watu walioingiliwa chumbani bila hodi. Kisha wakateremka mmoja mmoja, wakapita kwenye saruji, wakapita juu ya viatu vyake, na yale masikio aliyoyaringia miaka yote hayakunasa chochote. Gunia la pili, vivyo hivyo. La tatu pia.

"Wachawi hawa," alinong'ona. "Wamejifunza kunikwepa."

"Hawajajifunza kitu, Mjomba." Mwalimu aliwafuata kwa macho. "Panya hawazaliwi sawa. Huyu ana kelele, yule kimya, ndivyo alivyoumbwa. Wenye kelele uliwaua kabla hawajazaa. Wa kimya wakazaa, watoto wakawafuata wazazi, na katika hao ukaua tena waliosikika. Panya anazaa upesi. Miaka kumi na miwili kwao ni vizazi na vizazi."

"Kwa hiyo nimewafuga?"

"Bibi alivyofanya kwenye mahindi, ndivyo ulivyofanya kwa panya. Ila yeye alijua anachagua."

Sikio hakutaka kusikia zaidi. Akashika magunia, akayamwaga chini yote, jasho likimtiririka. Vumbi, makapi, vinyesi. Halafu, kwenye kila lundo, punje chache. Akapiga magoti akizikusanya kwa viganja viwili.

"Zimebaki! Mama, zimebaki!"

Alipozipeleka mlangoni penye mwanga, furaha ikamkauka. Zilikuwa ndogo, za kijivu, zimejikunja. Akaitia moja mdomoni, akang'ata, jino likamuuma. Alizifahamu. Ndizo mama yake alizozitoa kila msimu akawatupia kuku, na kila msimu chache zikamponyoka zikaingia ndani ya gunia.

"Laini wamekula," mwalimu alisema taratibu. "Wamebakiza zilizowashinda meno."

"Unataka kuniambia..."

"Nao walikuwa wanachagua, Mjomba."

Sikio akarudi kwenye ndoo yake, akalia bila kuficha. Wanachama wangekuja wiki ijayo na vikapu vyao, na mbegu nyingine hakuna. Wangepanda hizi, wangevuna hizi, na wajukuu wangekua wakidhani ndiyo mahindi ya bibi.

Akainamisha kichwa kufuta machozi. Juu ya kiatu chake alikuwa amekaa panya, ametulia tuli, anamsikiliza.