Mlevi wa Juu ya Shuka

Enoch Sugden alivaa kola ngumu iliyomkaba koo, akamchana binti yake nywele mpaka mtoto akalia, kisha wakapanda kilima na kushuka upande wa pili kwenda Nettlebeck. Njia nzima Dinah aliuliza kama kutakuwa na keki ya tangawizi, na kila mara Enoch alijibu ndiyo bila kusikia alichoulizwa. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye benchi.

Benchi lenyewe lilikuwa la mbele, katika ukumbi wa kanisa la Nettlebeck. Keziah Haigh alikuwa amemwambia, "Jumamosi kuna taa ya picha. Njoo ukae na mimi mbele, watu wetu wakuone." Katika mabonde yale mwanamke hakai benchi moja na mwanamume asiye ndugu yake mpaka awe amekata shauri. Wakishakaa pamoja, kinachobaki ni watu kuuliza harusi lini. Na mwanamke akiinuka akahamia benchi jingine, hilo nalo hufika kila nyumba kabla chai haijapoa.

Enoch alikuwa mjane, mtia rangi sufu katika kiwanda cha kijijini kwao, Aldershaw, mtu mrefu mwenye uso wa huzuni ingawa moyoni alikuwa mchangamfu. Keziah naye alikuwa mjane. Walikutana siku kwaya za makanisa ziliposhindana, wakacheka pamoja mtu mmoja alipoimba nje ya sauti, na tangu siku hiyo Enoch hakuona kilima kile kuwa kirefu. Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho ni Jabez, kaka yake Keziah, mwenye bucha na mzee wa kanisa. Marehemu mume wa Keziah alikuwa mtu wa chupa, na Jabez ndiye aliyekuwa akimwokota mtaroni na kumrudisha nyumbani mgongoni. Kwa hiyo Jabez alishasema wazi: atakayemwoa dada yake asiwe amenusa hata kizibo.

Enoch hakuwahi kunywa. Kwa hilo alikuwa na amani.

Mlangoni Jabez alimpa mkono mzito kama paja la ng'ombe. "Karibu, Sugden. Umekuja kuangalia picha au kuangaliwa?"

"Vyote viwili, Bwana Haigh."

"Basi kaa wima. Wanawake wa hapa wana macho."

Keziah alikuwa ameshafika. Alivaa shali ya kijani, akasogea kidogo kumpisha, na Enoch alipokaa alisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi kwa furaha. Watoto waliketi sakafuni mbele ya shuka jeupe lililotandazwa ukutani. Dinah akaenda kujibana katikati yao, mkononi ana kipande chake cha keki. Nyuma ya watu, juu ya meza, taa ya shaba ilikuwa ikivuma na kunuka chuma cha moto. Mwalimu Armitage, ambaye ndiye mwenye kuingiza vioo vya picha ndani ya taa na kusoma hadithi, akaamuru mishumaa izimwe.

Kwanza walionyeshwa mbwa aliyeiba soseji, watu wakacheka. Kisha mwalimu akakohoa.

"Na sasa, hadithi ya kweli ya kuliza mioyo. Inaitwa *Mtoto wa Mlangoni*. Mzazi aliye humu ndani asikilize kwa makini!"

Enoch akaacha kucheka.

Aliijua hadithi ile mwanzo mpaka mwisho, maana aliilalia sakafuni, akaipigia magoti, akaivunjia kiti. Kule Aldershaw palikuwa na mpiga picha mmoja, Bwana Thewlis, aliyekuwa na banda nyuma ya nyumba yake lililojaa vitambaa vilivyochorwa: sebule, jangwa, mlango wa baa, mbingu. Kila alipotaka kutengeneza vioo vya hadithi aliita majirani. Polisi wa kijiji aliigiza mwizi. Mwongoza kwaya aliigiza mwenye baa, akapendeza mno. Na Enoch, kwa ajili ya ule uso wake mrefu, kila mara alipewa mlevi. Watu wa Aldershaw walipoonyeshwa vioo hivyo walishika mbavu. Lakini Thewlis alisema vioo vinauzwa London na ng'ambo ya bahari. Hakuna aliyesema vinaweza kuvuka kilima kimoja tu.

Dinah aligeuka kule sakafuni, macho yanamwaka. Enoch akaweka kidole mdomoni kwa nguvu. Dinah akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, keki ikaanguka.

Picha ya kwanza ikatokea. Baba kijana kasimama kando ya meko, kambeba mtoto begani, anatabasamu.

"Miaka mingi iliyopita," akasoma mwalimu, "John alikuwa mume mwema na fundi hodari."

"Mwanamume mzuri," akasema mwanamke mmoja nyuma.

"Kama namfahamu," akasema mwingine.

Picha ya pili, John yuko mlangoni mwa baa na rafiki mbaya. Picha ya tatu, John ameshaunywa mshahara. Vile vioo vilipakwa rangi kwa mkono na wasichana wa Thewlis, na mmoja wao alikuwa na mapenzi makubwa na rangi nyekundu. Pua ya Enoch ilijaa kwenye shuka, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, nyekundu kama kaa la moto.

Halafu minong'ono ikaanza kutoka benchi la nyuma na kuja mbele, kama mtu anayepitisha sahani.

"Si yule pale?"

"Yupi?"

"Yule! Aliyekaa na Keziah!"

"Mungu wangu, ndiye. Tazama masikio."

Enoch alihisi kijasho chembamba kikishuka ndani ya kola. Upande wa kushoto kulikuwa na mlango mdogo wa kwendea jikoni. Angeweza kuinuka sasa, ainame chini ya mwanga, achukue mtoto, na kabla ya picha inayofuata awe amefika nusu ya kilima. Aliukodolea macho mlango ule. Kisha akamtazama Keziah kwa pembe ya jicho. Keziah alikuwa amejifunika shali hadi puani, na mabega yake yanatikisika.

Analia, Enoch akawaza. Nimemliza mbele ya watu wake. Na nikikimbia, atabaki peke yake kwenye benchi hili.

Akabaki. Alikaa wima kama alivyoambiwa.

Picha ikafuata ya John akivunja kiti, chupa mkononi. Kwenye mwanga wa taa Enoch aliiona shingo ya Jabez, benchi la pembeni, ikiwiva. Ikafuata ya theluji: mtoto mdogo peku, shali imechanika, anagonga mlango wa baa akimwita baba yake arudi nyumbani. Mtoto alikuwa Dinah. Theluji ilikuwa manyoya ya bata.

"Katoto kenyewe!" akalia bibi mmoja mnene aliyekaa karibu na watoto. Watu walimwita Bibi Tabitha. "Jamani, miguu yake!"

Ikafuata ya kitandani, mtoto anakohoa. Na mwisho ikaja ile kubwa: mtoto amefumba macho, mikono kifuani, malaika ameinama juu yake, na John yuko sakafuni kando ya kitanda kajishika kichwa. Mwalimu Armitage mwenyewe sauti ilimkatika. Ukumbi mzima ulitoa leso. Bibi Tabitha alikuwa akilia kwa sauti, anajipiga kifua, "Maskini malaika! Maskini malaika wa Mungu! Na baba yake kakaa pale, hana hata haya!"

Dinah alikuwa amevumilia muda mrefu. Mikono ilikuwa bado mdomoni na uso umekuwa mwekundu kuipita hata ile pua. Lakini moyo wake ulikuwa mwema, na hakuweza kumwona bibi mzima akilia hivyo bure. Akainuka, kivuli chake kikapanda kwenye shuka juu ya maiti yake mwenyewe, akamwendea Bibi Tabitha na kumgusa goti.

"Usilie, bibi. Sikufa. Niko hapa."

Bibi Tabitha akafumbua macho. Akamtazama mtoto. Akatazama shuka. Akamtazama mtoto tena. Kisha akapiga yowe ambalo wanasema lilisikika hadi mtoni, akaanguka nyuma mapajani mwa mke wa mwalimu.

"Washeni mishumaa!" Jabez alinguruma.

Mishumaa ikawashwa. Watu wote wamesimama, wengine juu ya mabenchi, na katikati Dinah akieleza haraka haraka, maana sasa mdomo ulikuwa umefunguka. "Ilikuwa kuigiza tu! Yule malaika ni Ada wa kwa mwoka mikate, na lile ni gauni lake la kulalia. Manyoya yaliniingia puani nikapiga chafya, Bwana Thewlis akaniambia maiti hazipigi chafya, basi baba akacheka, tukaanza upya. Nilikufa mara nyingi sana mpaka nikazoea!"

Vicheko vikaanza huku na kule, lakini Jabez hakucheka. Alikuja akasimama mbele ya benchi.

"Sugden. Ile chupa ilikuwa na nini?"

"Chai ya baridi, Bwana Haigh. Haina hata sukari."

"Chai." Jabez akalitafuna lile neno. "Nisikilize. Mimi walevi nawajua, nimewabeba. Yule pale shukani ameegemea ukuta kwa bega, mguu mmoja unatafuta sakafu, chupa kaikumbatia kama mtoto mchanga. Mtu hawezi kulibuni jambo hilo kichwani. Umejifunzia wapi?"

Waliosimama juu ya mabenchi wakashuka, wakasogea wasikie.

Enoch akasimama. Kola ilikuwa imelegea kwa jasho na sasa ilimwia rahisi kupumua.

"Kwa baba yangu," akasema. "Nilikuwa namfuata mlangoni kama yule mtoto. Ile ndiyo mikao yake. Thewlis aliponiambia nijifanye mlevi sikuhitaji kufundishwa, nilimkumbuka tu. Ndiyo maana sijawahi kuonja, Bwana Haigh, wala sitaonja. Haya mengine ni rangi."

Jabez akageuka kumtazama dada yake, kama mtu aliyefikishwa mahali ambapo kisu chake hakikati.

"Keziah. Wewe unasemaje?"

Keziah akateremsha shali. Alikuwa na machozi kweli, yamemlowanisha mashavu. Lakini mdomo ulikuwa unacheka, na ulikuwa umecheka muda wote ule.

"Nasema mimi nilijua tangu picha ya kwanza."

"Ulijuaje?" Enoch akauliza.

"Mwalimu anasoma miaka mingi iliyopita, na John wake amevaa koti lenye vifungo vyeusi na kimoja cha kahawia. Kile cha kahawia nimekishona mimi, siku ya chai ya mavuno mwaka huu huu. Nilikuvua koti mwenyewe. Sasa John wa zamani alikipata wapi?"

Wanawake wa benchi la nyuma wakapiga makofi.

"Na ukanyamaza!" akasema Enoch. "Mimi nakufa hapa, wewe umenyamaza!"

"Nilikuona unavyoukodolea macho mlango wa jikoni. Nikasema, ngoja nione. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, angeshaupita ule mlango zamani." Akamshika mkono, pale pale mbele ya kanisa zima, akamvuta akae chini. "Kaa. Picha hazijaisha."

Jabez alisugua shingo yake. "Jumapili uje ule kwetu," akasema hatimaye. "Nyama nitaikata mwenyewe. Na mtoto uje naye, kama hajafa tena. Ila ile pua uiache Aldershaw."

"Nitaiacha, shemeji," akasema Enoch, neno likamtoka kabla hajalipima. Jabez akaguna, lakini hakulirudisha.

Mishumaa ikazimwa. Ilibaki picha moja, ile ya John akipiga magoti na kula kiapo cha kuacha pombe, nayo ilitakiwa iwe ya heshima kupita zote. Lakini Mwalimu Armitage alikuwa bado akimtupia macho mtoto aliyefufuka, akaingiza kioo juu chini. John akatokea miguu juu na pua chini, anaapa kwa kichwa chake. Jabez Haigh ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka tumboni kama pipa linaloviringishwa kwenye mawe, na baada ya hapo hapakuwa na aliyeweza kujizuia, hata wazee wa kanisa.

Ilipotulia, sauti ilisikika gizani. Ilikuwa ya Bibi Tabitha, aliyeshazinduka na kumpakata Dinah pamoja na nusu ya keki yake mwenyewe.

"Mwalimu! Turudishie ile ya kufa."

"Bibi Tabitha, si umeona mtoto mzima?"

"Ndiyo maana. Kwanza nililia kwa uchungu. Sasa nataka nilie vizuri."

"Turudishie!" ukumbi ukaitikia.

Mwalimu akairudisha. Kitanda kikatokea, na malaika aliyevaa gauni la kulalia. Watu walitoa leso tena wakalia kwa raha zao zote, na Dinah, mdomo umejaa keki, akawaonyesha mahali unyoya ulipomwingia.

Kwenye benchi la mbele Keziah alikuwa na mkono mmoja ndani ya mkono wa Enoch. Kwa ule mwingine alikuwa akikichezea kifungo cha kahawia.

"Hakiendani na vingine," akanong'ona. "Nitakubadilishia."

"Thubutu," akasema Enoch.