Betri Iliyofungiwa Sandukuni

Umeme wa mtaa ule ulikuwa kama mgeni mwenye haraka, hata kiti hakalii. Ndiyo maana siku fundi alipofunga sola na taa zikawaka, Mama Kifungo alisimama katikati ya sebule mdomo wazi. Jua lile lile la kuanikia nguo, leo limeingia kwenye betri isiyozidi ndoo ya maji! Akaigusa kwa kidole. Kimya. Kitu chenye nguvu zote hizo, na hakisemi neno.

Fundi alimwambia aiache mahali pa wazi ipate hewa, asiifunike hata kwa kitambaa. Akaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini fundi alipoondoka, roho yake haikutulia. Wezi je? Na Kifungo, bintiye wa miaka mitatu, mwenye vidole visivyosikia la mtu? Akaona bora aifungie kwenye sanduku la mbao la chumbani. Nyaya akazipitisha kwenye tundu, akatia kufuli, na juu ya kifuniko akatandika godoro dogo. Kifungo akapata pa kulala mchana.

Wifi yake alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, wewe hata pumzi ungeitia kufuli."

Wiki ya tatu, jua likiwa la utosi, chumba kilinuka yai viza. Mama Kifungo akamshuku wifi na mapishi yake. Wifi akasema labda panya kafia darini. Wakawa wanainama huku na huku, mtoto yuko usingizini. Mama alipoegemea sanduku, mkono uliruka wenyewe. Mbao zilikuwa za moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Akampigia fundi. Alikuwa bado anaeleza harufu, na sanduku alilofungia betri lilivyo la moto, fundi akamkatiza.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Amelala juu ya sanduku."

"Mtoe sasa hivi. Sanduku usifungue, swichi usiguse, moto usiwashe. Tokeni wote."

Alimbeba Kifungo pamoja na shuka lake mpaka ng'ambo ya barabara. Fundi, bado yuko kwenye simu, akasema paneli za sola juu ya paa zifunikwe kwa kitu kizito. Wifi akaegemeza ngazi nje, akapanda na blanketi la jirani, akalitupa. Mama Kifungo alitazama juu, mwili ukamsisimka: mbingu nzima inawaka, na blanketi moja tu limelikatia jua njia ya kuingia nyumbani kwake.

Fundi alifika, akafungua milango na madirisha, akangoja sana kabla ya kukata nyaya na kuinua kifuniko. Betri ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu. Akaeleza kwamba betri ikichajiwa hutoa hewa inayoshika moto. Ikifungiwa hujaa, na cheche ya swichi moja inatosha kulipua chumba.

Akaonyesha godoro. "Hapa?"

Mama Kifungo alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika anabanwa.

Betri mpya iko barazani, juu ya rafu, upepo unaipita pande zote, na kila mpita njia anaiona. Majirani wamemwonya kuhusu wezi. Yeye anawajibu kwamba heri aamke akute rafu tupu, na Kifungo yuko mlangoni anadai chai.