Ukanda Mweupe wa Ogbokiri

Baridi ya chumba cha kompyuta kule Trans-Amadi, mtaa wa viwanda, ilikuwa ya kompyuta, si ya watu. Mashine zilikuwa na kiyoyozi chao, jenereta yao na bima yao. Ibifuro alikuwa na vitenge viwili alivyojifunga mabegani, na bakuli la unga wa muhogo uliolowekwa maji baridi, karanga zikielea juu. Alikula akiwa ameipa kamera mgongo, maana kibarua akikamatwa anakula karibu na mashine hukatwa mshahara, na yeye alikuwa kibarua. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu. Ulikuwa wa miezi mitatu tangu mwanawe wa kwanza akiwa tumboni, na sasa mwana huyo alikuwa anafuga ndevu.

Kioo mbele yake kilijaa mistari iliyotetemeka. Kule kwenye kinamasi vijana walichimba mashimo, wakatia baruti, wakalipua, na vinasa mtetemo vilivyochomekwa topeni vikasikiliza mwangwi uliorudi kutoka chini. Mwangwi ulimfikia Ibifuro na takataka zake zote: injini za boti, mvua, kelele za watu. Kazi yake ilikuwa kuusafisha, kuupanga na kuurundika, hadi matabaka ya ardhi yaonekane kioo kizima kama mikeka iliyopangwa dukani.

Asubuhi hiyo takataka moja ilimchekesha. Kwenye rekodi za kijiji cha Tombiri kulikuwa na mtu anatwanga. Pigo, pigo, pigo, kisha akachelewa kidogo, labda anafuta jasho, kisha pigo. Ibifuro akasogea hadi rekodi za Ogbokiri, ng'ambo ya mto. Mtu anatwanga. Pigo, pigo, pigo, akachelewa, pigo. Rekodi iliyofuata, vilevile.

"Mama huyu ana mikono," akajisemea. "Anatwangia mto mzima."

Kisha akaacha kucheka.

Ogbokiri hakukulipuliwa baruti hata moja. Alilijua hilo kwa sababu mama yake mdogo, Belema, alikuwa miongoni mwa wanawake walioziba njia. Milipuko ya mwaka uliotangulia, mashariki na magharibi mwa kijiji, ilipasua kuta za nyumba zao na kuangusha vichanja vya kukaushia samaki. Waliomba fidia, kampuni ikampelekea kila mwenye nyumba kalenda. Basi wapimaji waliporudi, wanawake wakaketi njiani juu ya vikapu vyao vya samaki, wakaendelea na soga. Mkuu wa wapimaji hakuthubutu kuripoti kwamba ameshindwa na vikapu. Akachukua rekodi za Tombiri, akazibandika jina la Ogbokiri, akaenda zake kula ndizi za kuchoma.

Wizi mdogo, ungekuwa wa kuchekesha. Lakini mashariki mwa Ogbokiri picha ilionyesha ufa mrefu ukipanda kutoka kilindini, na juu ya ufa, karibu kabisa na uso wa ardhi, mng'ao mkali wa gesi iliyonaswa. Magharibi mwa kijiji, ufa uleule, mng'ao uleule. Katikati tu, pale palipobandikwa Tombiri, matabaka yalilala yametulia kama shuka la hotelini. Na hapo katikati, nyuma ya shule, ndipo wenye leseni walipotaka kuchimba kisima cha mafuta. Gesi iliyo juujuu ikitobolewa na mtu asiyeitarajia haifuati bomba. Hutokea popote inapopenda. Na Ogbokiri ni kijiji cha kukausha samaki. Moto hauzimwi.

Alikwenda kumwambia Oga Ikechi, mkuu wa ofisi. Oga alimsikiliza akimenya chungwa, ganda likishuka zima bila kukatika. Hakushangaa. Alisema wageni, wale wenye leseni, wangefika Alhamisi, kwamba kurudi kinamasini ni gharama, na kwamba wale wanawake bado wamekaa pale pale. Ibifuro akamkumbusha kanuni ya kazi: pasiposikilizwa huachwa peupe. Oga akajibu kwamba peupe hapauziki.

"Hebu niambie, Ibi," akasema, akiligawa chungwa. "Jina lako limewahi kukaa kwenye picha?"

"Unajua halijawahi, Oga. Hukaa lako."

"Kwenye hii litakaa lako. Chini, kulia, herufi nzito. Na mkataba wa kudumu juu yake."

Ibifuro aliutazama mkono uliomnyooshea kipande cha chungwa. Hakukipokea.

"Kumbe zile nzuri zote ni zako," akasema, "ila hii ya wizi ndiyo yangu."

"Usiniletee maneno ya sokoni."

"Si tuko sokoni? Wewe ndiye umetaja bei."

Oga alicheka, akafuta vidole kwa leso. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya upole, ya mjomba. "Dada yangu, hapo nje ya geti kuna vijana wana digrii na njaa. Kiti chako hakitapata hata muda wa kupoa."

Ibifuro alirudi kwenye baridi yake. Alimfikiria mwanawe mwenye ndevu, aliyekuwa akisubiri karo ya chuo, na mkataba wa kudumu, na kadi ya hospitali inayoambatana nao. Alifikiria hayo yote mikono ikiendelea na kazi, kwa kuwa mikono ilikwishazoea kutomngoja. Aliondoa rekodi za uongo moja baada ya nyingine, kila moja na mtwangaji wake. Programu ikamwuliza kama ajaziwe pengo kwa kukisia kutoka majirani. Ina adabu sana, programu ile, huuliza. Akakataa. Picha ilipokamilika, ukanda mweupe ulikuwa umeipasua katikati, toka juu hadi chini. Chini, kulia, akaandika jina lake kwa herufi nzito. Kwa hilo angalau alimtii Oga.

Alhamisi wageni walikaa kwenye viti vya ngozi. Picha ilipojaa ukutani, Oga Ikechi alikohoa, akaomba radhi kwa hitilafu ya projekta.

"Projekta ni nzima," Ibifuro alisema kutoka nyuma, kwenye viti vya plastiki. Akasimama. Alieleza kwamba pale katikati hakuna aliyesikiliza, kwamba rekodi zilizoletwa zilikuwa za kijiji kingine, na kwamba ufa unaoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili haujaruka kijiji kwa heshima. Aliomba papimwe upya, kwa ridhaa ya wenyewe, kabla chuma chochote hakijagusa ardhi.

Mgeni mkubwa, mzee wa suti ya kijivu, akavaa miwani, akainama mbele.

"Binti, pale peupe, unaona gesi?"

"Sioni chochote, Chifu. Hapajapimwa."

"Sikuuliza habari ya kupima. Picha inaonyesha gesi hapo?"

"Haionyeshi."

"Haionyeshi," akarudia mzee, akiwageukia wenzake. "Mbele na nyuma ipo, lakini sisi tunachimba hapo. Na hapo haionyeshi."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Oga Ikechi akatabasamu. Ibifuro alikuwa bado anasema, akisogelea ukuta, kidole chake kikifuata ufa, kivuli chake kikianguka juu ya Ogbokiri yote, lakini vinywaji vilikwisha kuanza kupitishwa.

Saa ya chakula kadi yake ya geti haikufungua mlango; mlinzi akamfungulia achukue vitu vyake. Kijana mwenye digrii alikuwa ameshaketi. Alimwitikia salamu bila kuinua macho. Ibifuro alimwonyesha mahali kiyoyozi kisipofika sana, akachukua vitenge vyake, akaondoka.

Masika yalipokwisha, kampuni ilifanya sherehe Ogbokiri. Askari waliwaondoa wanawake njiani kwa virungu, vikapu vikatupwa mtoni, na mama mdogo Belema alihudhuria mkono ukiwa kwenye bandeji. Ibifuro alisimama kando yake. Ukutani mwa shule walitundika turubai kubwa lenye picha ya ardhi ya kijiji, ili wananchi wajionee sayansi. Ukanda mweupe haukuonekana. Juu yake walikuwa wamechapa nembo ya kampuni, kutoka juu hadi chini, na picha ya mtoto anayecheka. Pembeni, kwa herufi nzito, jina la Ibifuro.

"Si wewe huyo?" akauliza Belema.

"Ni mimi."

"Wamekuandika vizuri."

Ibifuro akamwomba kisu cha kupasulia samaki. Belema hakuuliza cha nini. Hotuba ya Oga Ikechi ilikuwa imefika kwenye maendeleo pale turubai liliporaruka kwa sauti kavu. Ibifuro alikata nembo yote, taratibu, kwa kufuata ukingo kama mtu anayejua mpaka wake, akaiacha ianguke topeni.

Askari alimfikia akihema. Alitaka kujua nani kamtuma kuharibu mali ya kampuni, na yeye ni nani hasa.

"Soma hapo chini," Ibifuro akamwambia, akimpa mikono yote miwili afunge. "Jina la fundi limeandikwa."

Askari akainama, akasoma, midomo ikichezacheza. Kupitia tundu la turubai, nyuma ya dirisha la darasa lisilo na kioo, bomba la kuchimbia lilikuwa limeanza kuzunguka.